Saa ya Daktari

Mtu mwingine akiniambia "pole, jaribu tena", nitamchoma na ile sindano yangu ndefu ya kushonea makochi, haki ya Mungu.

Jaribu tena! Kana kwamba nimekosea namba ya simu. Mama mdogo kasema jaribu tena. Muuza vitambaa wa duka la jirani kasema jaribu tena, tena huku anatafuna. Hata seremala anayenichongea fremu, mtu ambaye sikumwambia lolote, naye juzi kaegemea mlango wangu: "Fundi, usikate tamaa, jaribu tena." Nikajua mama mdogo kapita. Siri kwa mama mdogo haikai, ikiingia sikioni inatokea mdomoni.

Kazi yangu ni kufufua makochi. Ninaletewa kochi limekaliwa mpaka limezama, ninalivua kitambaa, ninabadilisha sponji, ninakaza springi, linarudi kwa mwenyewe limevimba kifua. Nina miaka thelathini na minane. Na mwaka jana niligandisha mayai.

Mama mdogo aliposikia hilo mara ya kwanza, aliuliza, "Kwani friji la nyumbani limefanya nini?"

Si ya kuku, mama mdogo. Ya kwangu. Yanatolewa tumboni kwa mwanamke, yanahifadhiwa kliniki kwenye baridi kali, ili siku ukipata wa kuzaa naye, au ukichoka kumsubiri, uwe na akiba yako. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema dunia imekwisha.

Wa kuzaa naye alikuwepo wakati huo. Mimi na mama tulimwita Taratibu, maana hilo ndilo neno lililokuwa halimtoki mdomoni. Kujitambulisha nyumbani? Taratibu. Ndoa? Taratibu, tujipange kwanza. Miaka sita nimepangwa kama viti vya ukumbini. Mwisho nikaona huyu na utaratibu wake atanizeesha, nikajipeleka kliniki mwenyewe.

Karibu wiki mbili nilichomwa sindano za tumbo. Mchomaji alikuwa mama. Yeye si muuguzi, alishona sare za shule maisha yake yote, lakini mkono wake hautetemeki na huruma yake haionekani. "Geuka. Usijikaze. Tumbo lako au langu?" Tumbo likavimba, viatu vikanikataa, nikawa nalia nikiona tangazo la sabuni. Lakini nilipokwenda kupigwa ultrasaundi, daktari alihesabu vifuko vya mayai kwenye kioo mpaka akatabasamu. Kumi na moja. "Safi sana, dada," akasema. Nilitoka pale natembea kama bibi harusi, na ule uvimbe wangu.

Sasa, kuna sindano ya mwisho. Hiyo ndiyo yenye mambo. Ndiyo inayoyakomaza mayai, na ukishachomwa, saa zinaanza kuhesabiwa. Wakiyachukua mapema, wanayakuta mabichi. Wakichelewa kuyachukua, yanatoka yenyewe humo humo ndani na kupotea, na wewe huna habari. Kwa hiyo kliniki ndiyo inayokupigia simu kukupa saa yako.

Simu iliponikuta, nilikuwa nimelala chali chini ya kochi la watu watatu, na misumari mdomoni. Alikuwa daktari mwenyewe. "Dada, sindano ya mwisho ni kesho, saa nane kamili. Usiwahi, usichelewe. Umeelewa?"

"Mm," nikasema, maana ndicho kitu pekee unachoweza kusema ukiwa na misumari mdomoni.

Kesho yake mama alikuja dukani. Akanikalisha kwenye kochi la mteja nyuma ya pazia, akaikodolea macho saa ya ukutani, na ilipogonga saa nane ya mchana, akanichoma. Hakuwahi, hakuchelewa. Akafuta, akasema, "Haya, yaliyobaki ni ya Mungu na huyo daktari wako."

Nilipozinduka kliniki baada ya mayai kutolewa, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda na uso wa mtu aliyegonga gari la jirani. Kati ya kumi na moja, wamepata mawili. Na kati ya hayo mawili, moja halifai.

"Vifuko vingi tumevikuta vitupu," akasema. "Inatokea. Mwili wako uliwahi, dada. Halafu na umri nao..."

"Kwa hiyo nimewahi na nimechelewa, vyote kwa pamoja."

Akacheka kidogo. Alidhani natania.

Nilirudi nyumbani na yai moja. Moja! Nilikaa nikiuchukia mwili wangu kama mtu anavyomchukia mpangaji mwenzake. Nikioga nauangalia, nauambia, wewe, kazi moja tu, imekushinda. Taratibu alikuja kunipa pole, nikamwambia aende zake akatafute mwenye mayai. Nilitaka abishe. Hakubisha. Na mtu huyo huyo aliyeshindwa kuchagua rangi ya pazia kwa miaka sita, alioa haraka mpaka watu wakaulizana kulikoni. Sasa mke wake ana mimba. Taratibu wapi!

Huo ndio mwaka niliokuwa nao, na bado watu wananiambia jaribu tena.

Na mimi nilikuwa nataka. Hapo ndipo palipokuwa na moto wenyewe. Nilitaka mpaka nikajionea aibu. Daktari alishanipa njia tatu: turudie kwa dawa kali zaidi, au tuyachanganye na mbegu za mwanamume kabla ya kuyagandisha, kwa kuwa yakichanganywa yanaistahimili baridi vizuri, au niyasahau ya kwangu, nichukue ya mwanamke mwingine, kijana. Dawa kali ziliniogopesha. Mbegu, za nani, za Taratibu? Na hiyo ya tatu kila nikiiwaza naweka nyundo chini na kutoka nje ya duka.

Mama ndiye aliyenishangaza. Mama ambaye alinichoma bila kupepesa, sasa hataki hata kusikia. Nikianza tu, "Mama, nafikiria nirudie," ananyanyuka kwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Kwani mama wewe hutaki mjukuu?"

"Nakutaka wewe."

"Mimi nipo!"

"Basi baki hivyo hivyo. Acha kuuchokoza mwili. Uliona mwenyewe ulivyorudi. Hapana, mwanangu. Ukirudi huko, utatafuta mtu mwingine wa kukuchoma, si mimi."

Tukanuniana wiki nzima. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja, tunapitishiana chumvi kama wanasheria. Nikaona nimechoka kuzunguka. Nikampigia daktari, nikamwambia nataka kuongea naye uso kwa uso, mara ya mwisho, aniambie ukweli bila kunipaka mafuta: nirudie au niache. Kama atasema umri umekwisha, nitaacha. Niliapa kabisa. Akasema, "Njoo Ijumaa, dada, saa kumi. Tutaongea kwa nafasi."

Ijumaa nikafunga duka mapema. Nikaoga, nikavaa gauni la heshima, nikafika kliniki saa kumi kasoro, nimekuja na moyo mkononi. Dada wa mapokezi alikuwa anafunika kompyuta yake.

"Umechelewa, dada. Daktari alikusubiri asubuhi."

"Asubuhi gani? Nimeambiwa saa kumi. Hebu tazama ukutani, saa kumi hata haijafika!"

"Hapa naona miadi yako ilikuwa saa nne asubuhi."

Ah, zikanipanda. Nilimwaga yote. Nilimwambia nimefunga duka, nimewaacha wateja barabarani, kila nikija hapa kosa ni langu: mara nina umri, mara nimewahi, mara nimechelewa, sasa hata kusoma saa sijui? Mama mmoja aliyekuwa amekaa pale na mumewe akasogeza mkoba wake karibu na miguu.

"Punguza sauti, dada. Kwani nani alikupangia?"

"Daktari mwenyewe! Kwa mdomo wake, kwenye simu!"

Yule dada akajipiga paji la uso. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekumbuka kituko cha nyumbani.

"Aaa, kumbe! Pole, mpenzi. Hiyo ni saa ya daktari."

"Saa ya daktari ndiyo ipi?"

"Si amekulia ng'ambo? Saa anazitaja kwa namba aliyoiona. Akiona kumi kwenye simu, kwake ni saa kumi, kumbe sisi huku ni saa nne. Mpaka leo haijamwingia. Sisi tumeshamzoea, tunawageuzia wagonjwa. Ndiyo maana hatumwachi apige simu za..."

Hapo aliendelea kusema, lakini mimi sikuwa namsikia tena. Nikashika kaunta.

"Ile sindano ya mwisho," nikasema. "Kabla ya kutolewa mayai. Huwa mnawaambia watu wachome saa ngapi?"

"Usiku. Saa mbili usiku, karibu wote. Ili wakija kutolewa..."

"Mimi aliniambia saa nane."

Kicheko kilimtoka usoni. Akatazama chini, akatazama mlango wa daktari, akanitazama mimi.

"Nani alikupigia? Si muuguzi wetu?"

"Yeye mwenyewe."

"Mwaka jana?" Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Mwaka jana muuguzi wa simu alikuwa likizo ya uzazi."

Likizo ya uzazi! Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka yule mama mwenye mkoba akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikaufungua mlango wa daktari bila kubisha.

Alikuwa anavua koti lake jeupe. Ni kijana mzuri, mpole, mwenye viatu visafi, na siku zote nilimpenda kwa jinsi alivyojitahidi kuongea Kiswahili na wagonjwa badala ya kuwatolea maneno ya vitabuni. Nikamshika mkono wenye saa.

"Daktari, nionyeshe saa nane iko wapi hapa."

Akaduwaa, lakini akanyoosha kidole. Akakiweka juu ya namba nane, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapo ni saa mbili," nikasema.

"Ndiyo, najua, kuna ile ya kugeuza, huwa na..." Nilimwona inavyomwingia, pole pole, kutoka kwenye macho mpaka kwenye mabega. "Ulichoma lini?"

"Saa nane. Kama ulivyosema. Mchana."

Akakaa. Alihesabu kwa vidole, mwanamume mzima, daktari. Alipomaliza akapangusa mdomo.

"Lakini nilikuuliza kama umeelewa."

"Nilielewa!" Nilipiga kelele mpaka dada wa mapokezi akaja kusimama mlangoni. "Nilielewa vizuri kabisa! Ndiyo taabu yenyewe! Kila mtu aliyezaliwa huku angeelewa vile vile!"

Nikavuta kiti. Sponji ya kiti kile ilikuwa imekufa, nikaliona hilo hata katikati ya hasira, na likanizidishia.

"Sasa niambie bila kunizungusha. Yale kumi na moja."

"Yalikuwa yamekomaa," akasema. "Yalikomaa vizuri. Yakatoka kabla hatujafika. Tulichelewa sisi."

"Na umri?"

"Umri una mchango wake, siwezi kukudanganya. Lakini si huo uliovimaliza vile vifuko."

"Kwa hiyo mwili wangu ulifanya kazi."

"Ulifanya kazi yake yote, dada."

Mwaka mzima nilitamani mtu aniambie maneno hayo. Nilidhani nikiyasikia nitapiga vigelegele. Badala yake nilitaka kubeba kile kiti nimpige nacho. Maana nilimkumbuka yule mwanamke anayeoga huku anajitukana. Nikamkumbuka Taratibu, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, na mimi namwambia aende.

Daktari akasema samahani. Akaisema mara nyingi, na ya mwisho aliisema na machozi. Akasema tukirudia atasimamia yeye hatua zote na sitatoa hata senti. Akasema hakuna haja ya dawa kali, hakuna haja ya mayai ya mtu, dawa zile zile zinatosha.

"Na mwaka wangu?" nikamuuliza. "Huo nao utanirudishia?"

Akainamisha kichwa. Nikaondoka na mlango nikauacha wazi, kwa kuwa sikutaka kumpa hata raha ya kusikia nimeubamiza.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nirudi kwa mtu yule? Anishike tena? Lakini kliniki nyingine iko mbali, na foleni yake ni ya miezi, na miezi ndiyo kitu nisichokuwa nacho. Kwa hiyo aliyeniharibia ndiye huyo huyo wa kunitengenezea. Nilikasirika upya kwa hilo peke yake.

Mama nilimkuta sebuleni anatia uzi kwenye sindano. Sikusalimia. Nilianza kumwaga tangu mlangoni: saa kumi, saa nne, saa ya daktari, muuguzi wa simu, kidole juu ya namba nane. Nilizunguka chumba huku nikiirusha mikono, nikamwiga daktari, nikamwiga yule dada. Mama hakunikatiza. Uzi ukamponyoka, hakuuokota.

"Kwa hiyo yalikuwepo," akasema.

"Yalikuwepo, mama."

"Yote?"

"Yote. Yamekomaa. Mazima."

Mama akaanza kulia. Mimi mama yangu sikuwa nimemwona akilia hata kwenye msiba wa baba, ambako alikuwa anagawa sahani. Nikapiga magoti mbele yake haraka. Nilidhani nimelielewa jambo.

"Mama, usijilaumu. Ulichoma ulivyoambiwa. Saa nane ni saa nane."

"Silii sindano," akasema. Akajipangusa kwa kiganja, kwa ukali, kama anamfuta mtoto. "Kabla yako walitoka wanne. Hukuwahi kuambiwa. Wanne, mwanangu, na hakuna aliyefika miezi mitano. Wewe ukakaa, na baada yako basi, kimya. Bibi yako, mzaa baba, alinikalisha mbele ya mawifi wote akasema tumbo langu bovu, na kama nitazaa binti, nitamwachia ubovu huo. Nikasema ni mdomo tu wa mkwe. Halafu wewe ukarudi na yai moja." Akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Nilijua ni mimi. Kila uliposema urudie, nilikuwa naona unakwenda kupigwa kwa kosa langu."

Mwaka mzima tumekaa nyumba moja, mimi nauchukia mwili wangu chumba hiki, yeye anauchukia wake chumba kile, tunapitishiana chumvi. Nilikuwa nimemkasirikia daktari kwa ajili yangu. Sasa nikaanza upya kwa ajili ya mama, nikawakasirikia wale mawifi, na bibi aliyekwisha kufa, ambaye hata sikuweza kumfuata nikampigie kelele.

"Si bovu, mama," nikasema. "Langu si bovu. Na lako halikuwa bovu."

"Langu hulijui."

"Mimi nimetoka wapi?"

Akacheka katikati ya machozi, akanisukuma kichwa. Na hapo hapo, nikiwa bado nimepiga magoti, nikatoa simu. Nilijua nikilala nalo hilo, kesho nitaanza tena kuzunguka. Daktari akapokea kabla haijaita mara mbili.

"Narudia," nikamwambia. "Dawa zile zile. Mayai peke yake, sitaki kuchanganyiwa na mbegu za mtu. Na usinishukuru, kwa maana sijakusamehe. Huenda nikakusamehe, huenda nisikusamehe."

"Ndiyo, dada. Asan... Ndiyo."

Mama akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo." Akaiweka simu mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, spika ikiwa imewashwa. "Wewe kijana, unanisikia? Mimi ndiye mama yake. Mimi ndiye mchomaji."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisikilize. Sindano nyingine zote nitamchoma mwenyewe. Lakini hiyo ya mwisho usinipigie simu, wala usimtume mtu. Utaileta hapa nyumbani kwa mkono wako, na utamchoma wewe, mimi nikiangalia."

"Nitakuja, mama. Naapa. Nije saa..." Akakwama. Tukamsikia akimeza mate. "Mama, nije wakati gani?"

Mama akautazama uzi wake pale chini, akainama, akauokota.

"Wewe jua likizama uwe umeshakaa kwenye kochi langu," akasema. "Saa nitakuambia mimi."